Fomu ya Jovelyn Kabatini Mwangu

Mimi na Jovelyn tulitoka Iloilo, Ufilipino, kwa ndege moja, tukawa wauguzi wodi moja hapa Swansea, na kibali cha ukaazi wa kudumu tukakipata siku moja. Hapo sheria ikatutenganisha. Mimi, mseja, ningoje mwaka mzima ndipo niombe uraia. Yeye, mke wa Emrys, raia wa hapa, aombe hata kesho yake. Na huyo Emrys alinitaka mimi kwanza! Nilimcheka upara kwenye karamu ya Krismasi, akahamia meza ya pili, kwa Jovelyn.

Mwenye wivu ajinyonge, husema watu. Mimi sikujinyonga.

Jovelyn alikuja kwangu na sahani ya tambi za pansit na fomu ya uraia kwapani.

"Dada Nenita, nitilie saini. Wanataka mtu wa taaluma, muuguzi au mwalimu, aliyenijua miaka mitatu. Nina nani mwingine?"

"Haraka ya nini, bibi harusi? Uingereza haihami."

"Ningengoja, dada. Lakini mapafu ya Emrys yamechakaa. Anataka anione nikila kiapo. Suti ameshaipiga pasi, maskini mzee wa watu."

"Haya, iache hapo. Kesho."

Nikaisukumia kabatini chini ya taulo. Kesho ikazaa kesho. Akiuliza, nasema zamu zimenibana, na kalamu ninayo mfukoni mchana kutwa. Kila nilipomwona Emrys akimngoja langoni na mwavuli, nilitokea mlango wa nyuma. Yule angekuwa mume wangu na ile njia ya mkato ingekuwa yangu, nami ndiye niliyevitupa. Nikajiambia wiki tatu hazimuui mtu.

Emrys alifariki Jumanne ya wiki ya tatu.

Baada ya mazishi nilimpelekea Jovelyn fomu, saini imekaa sawasawa. Hakuigusa.

"Haina kazi tena, dada. Siku ya kuomba lazima mume awe hai. Mjane anangoja mwaka kama wengine."

Nikaanza kulia. Akadhani namlilia Emrys, akanivuta kifuani kwake, yeye mfiwa ananibembeleza mimi.

"Basi, dada, basi. Najua zamu zilikubana. Angalau sasa tutaapa pamoja, mimi na wewe."

Hicho ndicho nilichokuwa nikikitaka tangu mwanzo, asinitangulie. Nilikuwa nimekipata.