Upawa Uliotoka Nje

Nchi ya Ulambo imekaa ndani ya bonde la mviringo, milima imeizunguka pande zote, na mtu akisimama kileleni akatazama chini ataliona jiji la Chunguni limetulia kitakoni mwa bonde hilo kama ukoko wa uji sufuriani: nyumba za mabati yaliyoliwa na kutu zimebanana, moshi mwembamba unapanda kutoka mafigani ambako hakuna cha maana kinachopikwa, na vichochoro vinaelekea kila upande isipokuwa juu. Juu, ukingoni, ndiko wanakokaa Wapakuzi, wenye nchi. Wanaitwa hivyo kwa sababu babu zao walipewa kazi moja tu, kushika upawa na kugawa uji wa mtama kutoka katika chungu cha wote, na inasemekana kwamba enzi hizo mpakuzi alikula wa mwisho. Siku hizi anakula wa kwanza, wa katikati na wa mwisho, na kinachobaki kinatangazwa redioni.

Walambo wamenyang'anywa mengi, lakini mila mbili za upawa hakuna aliyethubutu kuzigusa, maana Wapakuzi wenyewe huapa kwazo siku ya kutawazwa. Ya kwanza, upawa ukiwa nje, yeyote aliyekinga bakuli mbele yake hafukuzwi wala haulizwi ni nani mpaka apakuliwe. Ya pili, mwenye chungu akifa, upawa wake hufungwa kitambaa cheupe, watu huvua viatu, na jikoni kwake hapawashwi moto kwa siku tatu. Kwa sababu ya ile mila ya kwanza, upawa wa Mpakuzi Mkuu Gubari haukuonekana nje tangu atawazwe. Ulilazwa kabatini juu ya mto wa mahameli, na kabati likawekewa mlinzi.

Katika jiji hilo aliishi Tuwano, mchora vibonzo wa gazeti la *Mvuke*, mtu mwembamba mwenye kidole gumba kilichokolea wino hadi kwenye kucha. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila Ijumaa, ukiondoa mwaka mmoja aliopigwa marufuku kuchora, alichora visanduku vinne, na mhusika wake alikuwa mmoja: Upawa mwenye miguu miwili ya njiti, kitambi kilichotangulia mbele na kofia ya kitawala. Upawa huyo aliingia harusini, hospitalini, matangani. Akahutubia, akaahidi, akapiga picha na wagonjwa. Kwenye kisanduku cha nne aliinama kupakua, na hapo ikaonekana kwamba bakuli lake limeelekea chini na halijawahi kushika hata tone.

Alichorea kwenye meza ya jikoni, na msomaji wa kwanza alikuwa mkewe, Bi Mwanatenga. Mke akicheka, Tuwano alichana karatasi akaanza upya. Akinyamaza na kushusha pumzi, picha ilipelekwa gazetini. Tuwano alitaka watu wakasirike. Lakini gazeti lilipobandikwa kwenye ukuta wa kinyozi watu walivunjika mbavu, wakashikana mabega, wakarudi makwao wakiwa wepesi, na Tuwano akajipa moyo kwamba ipo Ijumaa moja kicheko kitakwisha na ile njaa iliyo chini yake itabaki wazi. Hilo ndilo lililomwamsha kila siku.

Mwaka wa pili wa ukame, mchana kweupe, aliteremka mtu kutoka ukingoni akaomba maji ya kunywa na kigoda. Alikuwa Sanjari, mshauri wa Gubari, kijana mpole aliyezaliwa huko huko juu, aliyelishwa na watumishi na kuletewa kila kitu mezani. Alieleza kwamba Mtukufu anatimiza miaka arobaini ya utawala na ameamua kusimamisha sanamu ya shaba katika uwanja wa jiji, ndefu kama nyumba ya ghorofa tatu. Sanamu hiyo ni Upawa wa Tuwano, na miguu yake ya njiti na kitambi chake. Kilichohitajika ni saini ya mchoraji.

Tuwano alidhani anategwa. "Mtukufu anajua kwamba yule ni yeye?"

"Anajua, mzee wangu. Picha zako zote ziko kwenye ukuta wa chumba chake cha kulia. Wageni wakija huwaonyesha."

Sanjari alimaliza maji yake, akaweka kikombe chini taratibu, akaongeza bila ubaya wowote, "Mwaka ule tulipokufungia, watu walivunja ghala mbili za mtama. Tulipokufungulia, walicheka wakaenda kulala. Hakuna askari aliyetufanyia kazi uliyotufanyia wewe."

Msimulizi mwenye huruma angesema hapa kwamba Tuwano aliitupa kalamu. Hakuitupa. Alitia saini, tena kwa mwandiko mzuri, kwa sababu mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba maisha yake yote alikuwa mtumishi wa adui yake haoni tena cha kulinda. Jioni alizitia kalamu zake katika kopo la maziwa, akalifunga, akamweleza mkewe. Bi Mwanatenga hakugomba. Aliendelea kuosha bakuli. Ijumaa iliyofuata gazeti liliweka tangazo la sabuni mahali pa kibonzo, na katika jiji zima ni kinyozi peke yake aliyeuliza kama Tuwano anaumwa.

Sanamu ilisimamishwa. Mafundi walimwelekeza Upawa bakuli juu, maana kumwinamisha hakuna aliyekuwa na ujasiri huo. Gubari alishuka na msafara wake, akakata utepe, akakipapasa kile kitambi cha shaba na kucheka mpaka machozi yakamtoka, na umati ukacheka naye kidogo, kwa mazoea. Kisha akapanda kwenda kula.

Kesho yake asubuhi Bi Mwanatenga alifika uwanjani na bakuli lake, akasimama mbele ya sanamu, akakinga.

"Mama, unangoja nini hapa?" aliuliza askari wa zamu.

"Upawa uko nje, mwanangu. Nangoja kupakuliwa."

Askari alinyanyua rungu, akalishusha. Naye aliachishwa ziwa katika mila hiyo hiyo. Alituma habari juu, na huko juu walibishana mpaka adhuhuri: wakipakua bakuli moja watapakua yote, na wakimfukuza mtu wamevunja kiapo kinachowaweka kitini. Adhuhuri hiyo mabakuli yalikuwa mia mbili. Siku ya pili uwanja ulijaa mpaka vichochoroni. Hapakuwa na wimbo wala bango, na jambo lililowatisha Wapakuzi kuliko yote ni kwamba hakuna aliyekuwa akicheka.

Tuwano alikuja siku hiyo ya pili kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu wa kunyamaza naye. Bakuli la nyumba lilikuwa moja, hivyo alimwaga kalamu mezani akaja na kopo. Alijipenyeza mpaka nyuma ya mkewe, akasimama na haya zake.

"Kinga, mzee wangu," Bi Mwanatenga alisema bila kugeuka. "Mkono usishuke."

Alikinga. Hakuna kilichodondoka, wala hakutarajia. Siku ya tatu msuka mikeka aliyesimama kushoto kwao alianguka na hakuinuka tena, wakambeba, wakaliacha bakuli lake mahali pake. Tuwano alilitazama bakuli lile kutwa nzima, akalia kwa sauti mbele za watu.

Siku ya nne Sanjari alipata wazo. Ikiwa mila inasema upawa ukiwa nje, basi usionekane. Ufunikwe, na madai yaishe. Katika nchi nzima hapakupatikana kitambaa cha kumtosha mtu wa ghorofa tatu isipokuwa vitambaa vya meza za karamu, vyeupe pepepe, na watumishi wa ikulu wakavishona vyote kuwa kimoja. Sanjari hakuwahi kukaa matangani mwa mtu wa bondeni, na washonaji hawakuulizwa neno. Askari walipanda ngazi, wakamfunika Upawa tangu kofia hadi nyayo, wakamkaza kwa kamba.

Bi Mwanatenga aliweka bakuli lake chini, akavua ndala. Tuwano akavua. Nyuma yao maelfu waliinama kwa pamoja, kisha wale askari, juu ya ngazi na chini yake, wakaanza kulegeza kamba za buti. Kilio kikaanza mahali fulani upande wa kinyozi na kupanda mlima. Kama walikuwa wakimlilia Gubari, au msuka mikeka, au matumbo yao, hakuna aliyeweza kusema, na Tuwano, aliyeijua kazi ya kuwasoma watu hawa kwa miaka thelathini na mmoja, hakuona uso mmoja uliokuwa ukitania.

Gubari alitoka barazani kwake akauliza ni nani aliyekufa. Mlinzi wake alikuwa pekupeku, na alitazama sakafu. Mtukufu akarudi ndani, akaketi mezani chini ya picha zake zote, meza tupu isiyo na kitambaa, akaita chakula. Akaita tena, safari hii kwa jina la mpishi. Jikoni, mpishi alikuwa amekwisha kumwaga maji juu ya makaa, ameketi sakafuni, viatu pembeni, na siku tatu zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza.