Barua Iliyongoja Fainali

Fanueli Siwale alivuka mpaka wa Tunduma mwaka 1943, akiwa na miaka kumi na tisa, kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba. Sepetu hakuishika hata miezi miwili. Msimamizi mmoja alimwona Jumapili akiwapiga chenga mabeki watatu, na tangu hapo akawa mchimbaji wa jina tu: asubuhi anagawa taa za wachimbaji, mchana yuko uwanjani. Riziki yake ikawa miguu yake. Washabiki walimbatiza Mulilo, yaani moto kwa Kibemba, na kwa miaka minane hapakuwa na kipa migodini ambaye hakumwogopa.

Mkewe, Aida, alibaki Tunduma akilima ulezi pamoja na mama mkwe wake, Marita. Fanueli alikuja nyumbani kila Krismasi, na kabla mwaka mpya haujaanza vizuri alikuwa ameshaondoka.

Mei 1951 timu yake ikaingia fainali. Alfajiri ya Jumatano ya wiki ile, dereva wa lori kutoka Tunduma alimkabidhi Kefa, karani wa timu, barua ya Marita. Akamweleza na kwa mdomo: mke wa Mulilo ana homa ya mapafu, anamwita mumewe. Kefa akaitia barua mfukoni, akanyamaza. Jumapili Fanueli akafunga mabao mawili, akabebwa mabegani mpaka kambini. Barua alipewa Jumatatu jioni.

Alfajiri ya Jumanne akapanda lori. Njiani siku tatu. Ijumaa alipofika, aliwakuta wanawake wamekaa mikekani uani, na mama yake hakuinuka kumpokea.

"Tumemzika juzi, mwanangu," Marita alisema. "Jumamosi alikuwa bado anaongea. Kila lori likinguruma anasema, huyo Fanueli, niinueni nikae."

Fanueli alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

"Tukiwa makaburini likapita lori," mama akaendelea, "watu wakapiga kelele kutoka juu: Mulilo kafunga mawili! Vijana wetu wakaanza kushangilia. Kisha wakakumbuka wako wapi."

Mwezi uliofuata Kefa alikuja mwenyewe. Timu ilikuwa inafungwa ovyo. Viongozi walimtaka mshambuliaji wao.

"Nilijua ukiisoma utaondoka," alisema, macho chini.

"Ningeondoka."

"Kaka, nisamehe. Mgodi mzima ulikuwa unakutazama wewe."

"Ningefika Jumamosi, Kefa. Ningemkuta amekaa."

Kefa akaangua kilio. Fanueli alimtazama, akatafuta hasira ya kumpiga nayo, asiipate.

"Miaka minane," alisema hatimaye, "sikuwahi kukuuliza kama kuna barua yangu. Nilikuwa nauliza tunacheza na nani. Rudi, uwaambie Mulilo ameacha mpira."

Alikuwa na miaka ishirini na saba, magoti yake mazima.

Kesho yake alichukua kisu akaenda shambani. Ulezi wa Aida ulikuwa umekomaa, ndege wameanza kuula. Alikata masuke peke yake tangu asubuhi, jasho na machozi vikichanganyika, mpaka akafika mahali ulezi uliposhikana na ulezi mwingine. Hapo akasimama. Hakujua shamba la mkewe linaishia wapi. Ikabidi aende kwa jirani, kisu mkononi, akamwulize.