Karanga za Wifi

Mtafiti alimpasua kifaranga wa bata mbele ya wifi yake, mfanyabiashara wa karanga. Ini lilikuwa limepauka kama kipande cha sabuni.

“Sumukuvu,” alisema. “Inatokana na ukungu wa karanga zako.”

“Mwongo! Nilikuletea karanga safi. Vifaranga umewaua mwenyewe kwa kijicho. Tangu kaka yangu akuoe hunitakii mema.”

“Ulizoniletea ulizichambua, wifi. Waliozila wale pale, wananenepa. Hawa nimewalisha nilizochomoa katikati ya magunia yako, ghalani.”

Wifi akasonya. “Kwani watakula wanao? Zinakwenda kiwandani, zikawe unga wa uji wa watoto wa watu. Tia saini kibali, lori linaningoja hapo uani.”

“Bata wako wa nyumbani unawalisha nini?”

“Mahindi,” likamponyoka.

“Ghala limejaa karanga, wao unawanunulia mahindi?”

Mtafiti akampigia simu mlinzi wa lango.

“Lori la karanga lisitoke.”

“Kwa mama usikanyage tena, mchawi wee!”

“Sitakanyaga,” alisema mtafiti, akamvuta kifaranga wa pili.