Magogo Yatima Kumi na Moja

Kwenye kiwanda chetu cha mbao kila gogo lina kisiki chake. Mti ukikatwa, namba inaandikwa kwenye kisiki, halafu namba hiyohiyo kwenye gogo, kwa rangi nyekundu. Mkaguzi akija anachagua gogo lolote, anasoma namba, anaingia msituni kutafuta kisiki. Akikikuta, na miche imepandwa pembeni, cheti chetu cha kuvuna msitu kinabaki ukutani. Gogo lisilo na kisiki tunaliita yatima.

Anayeshika brashi ni mimi. Mjomba, ndiye msimamizi, alinipa kazi nilipomaliza shule nikawa namchosha mama nyumbani.

Jumatatu asubuhi nakuta yatima kumi na moja wamelala uani. Na mjomba huyo, kanibebea kopo la rangi mwenyewe. Nikajua kuna jambo.

"Wape namba. Mkaguzi anafika saa nne."

"Namba za visiki gani?"

"Si umesoma wewe? Tunga."

"Hesabu nilifeli, mjomba, na cheti uliona."

"Usinichezee. Tukinyang'anywa cheti cha msitu, watu arobaini wanarudi makwao."

"Na haya yametoka wapi?"

Akatupa jicho kule juu kilimani. Basi, yametoka msitu wa chemchemi. Msitu ambao tuliweka sahihi hatutaugusa, maana hao watu arobaini maji yao yanatoka humo.

Nikapokea kopo. Akaridhika, akaenda kubadilisha shati. Mimi nikaandika kila gogo, herufi kubwa: YATIMA. Mwandiko wangu ni wa kuku, lakini siku hiyo ulinyooka.

Mkaguzi, mama mmoja wa miwani na mabuti ya tope, akafika saa nne, akainamia gogo la kwanza.

"Hii namba gani?"

"Utoto tu, mama," mjomba akawahi. "Kijana ana utani."

"Sina utani," nikasema. "Hayana kisiki kwenye msitu wetu. Yameletwa jana, Jumapili, hakuna mtu kazini. Andika kwamba nimesema mimi."

Akaandika. Akaamuru yatengwe, akapiga picha moja moja, akasema cheti ataamua akishakagua yote yaliyobaki. Akaelekea msituni.

Mjomba akanivutia nyuma ya mashine ya msumeno.

"Umenivua nguo mbele ya mgeni. Ondoka. Kuanzia leo utakula wapi?"

"Kwa dada yako," nikamwambia. "Na nitamsimulia mimi kabla yako."