Njano Iliyokutana na Sabuni

Vitambaa vya wacheza ngoma wa chama tawala viligeuka vyekundu ndani ya beseni la Domitille, na kesho yake gavana alikuwa anapokelewa Bukavu.

Viliagizwa vya njano. Siku zote, kupata rangi hiyo, Domitille alichemsha maua yanayoota kando ya barabara, huko juu Cimpunda. Mwaka huo mvua zilichelewa, maua yakakosekana, akanunua mizizi ya manjano kwa wachuuzi wa Sange. Rangi ikakolea hata majirani wakaja kutazama. Angeviacha hivyo, mambo yangekwisha salama. Lakini kwao kitambaa kipya kisichofuliwa ni cha kuvika maiti. Hapewi mtu aliye hai. Akachukua sabuni ya mawese na majivu, akafua. Maji yakawa kama ya machinjioni.

Mumewe, Firmin, aliona, akafunga mlango. Kaka yake Firmin alifuata waasi mwaka wa sitini na nne, na mtaa mzima wa Kadutu ulikumbuka. Nyumba kama hiyo haichezi na nyekundu, rangi ya uasi.

Jioni Bulonza, mkubwa wa wacheza ngoma, akaja kuchukua mzigo wake.

"Citoyenne, njano yangu iko wapi?"

"Papa, ni sabuni ndiyo ilibadirisha."

"Sabuni! Bibi yangu anafulaka kila siku, sijaona pagne inageuka damu. Uongo hiyo upelekee padri."

"Bulonza, tumekomaa wote hapa tangu utoto," Firmin akasema. "Bibi yangu hajue mambo ya politike."

"Wewe nyamaza. Kaka yako naye hakujua?"

Domitille akakwaruza mzizi uliobaki, akanyoosha vidole vyake, sasa vya njano. "Angalia, papa." Akavisugua kwa sabuni ile ile. Vikawa vyekundu mbele ya macho yao. Akashusha pumzi, ushahidi ulikuwa mkononi mwake.

Bulonza akavishika, akavigeuza.

"Kumbe unajua namna ya kuifanya," akasema. "Basi ulifanya kusudi."

Usiku wanajeshi walioitwa na Bulonza hawakumgusa Domitille. Walimchukua Firmin.

Vitambaa vilichomwa barabarani. Cherehani ya Domitille ilienda kwa Bulonza na haikurudi. Shamba la Firmin liliuzwa ili atoke gerezani. Alitoka mvua zilipokwisha: meno ya mbele hayapo, sikio la kushoto halisikii, mkono wa kulia haushiki hata kijiko.

Domitille ndiye anayemlisha.