Kiganja kwenye Sahani ya Mkate

Jumatatu saa nne asubuhi, sahani za kioo za kuwekea mkate zilipotoka kwenye tanuri la kupozea kioo polepole, Tamar Ridley alizipanga mezani akaanza kuzifuta. Kiwanda cha vioo kilikuwa Gateshead, Uingereza, kando ya mto Tyne. Kila sahani ilikuwa na masuke ya ngano pembeni na, katikati, kiganja cha mtu kilichotuna ndani ya kioo.

Kiganja hicho hakikuchongwa kwenye kalibu, chuma cha kufinyangia sahani. Kilianza kutokea mwaka uliopita, wiki aliyokufa Eben, mumewe. Kalibu ilikuwa na ufa. Eben aliposhusha wenzo kukandamiza kioo kilichoyeyuka, chuma kikapasuka, kioo cha moto kikammwagikia kifuani. Walimzika Alhamisi. Ijumaa kalibu ikafungwa waya, kazi ikaendelea, na sahani zikatoka na kiganja cha Eben, kidole cha mwisho kikiwa kipande kama chake alipokuwa hai. Wateja walikipenda. Tamar alizoea kukisalimu kabla ya kukifunga kwa majani makavu.

Leo vidole vilikuwa vizima vyote, na gumba limepinda kwa nje.

Gumba lile alilijua tangu utotoni. Lilikuwa la Joss, mdogo wake, ambaye sasa ndiye aliyeshika wenzo ule.

Akampelekea nyapara sahani moja.

"Bwana Hedley, mwenye mkono huu bado yu hai."

Hedley akaigeuza kwenye mwanga. "Naona. Mzuri kuliko wa marehemu, huu una vidole vyote."

"Badilisheni kalibu, nawasihi."

"Kuchonga mpya ni miezi mitatu, Bi Ridley, na sahani hizi ni za Krismasi. Wewe mtu wa kanisa, kaombe."

Joss alipokuja kunywa chai, aliweka kiganja chake juu ya kile cha kioo. Vikalingana.

"Haya dada, kesho mabibi wa Newcastle watanikatia mkate mkononi!"

Alicheka, lakini kikombe kiligongana na meno yake.

"Usirudi kule, Joss."

"Nisipoushika mimi atapewa Amos, mwenye watoto watano. Nipe mkate."

Akampa. Akala, akafuta mikono, akarudi.

Nyuma ya ukuta wenzo ukashuka kwa kishindo. Tamar akasema amina, akafunga sahani. Kishindo. Amina, akafunga nyingine. Kisha akasimama, majani mkononi, akingoja kishindo kijacho.