Kabati la Milango ya Watu

Mtu akikuambia kwamba alibaki mjini kulinda mali za wenzake waliokimbia, kabla hujamshukuru, angalia kwanza amekalia kiti cha nani. Mimi Paska nakaanga mandazi kando ya barabara hapa Koboko tangu turudi kutoka Sudan, na walinzi wa namna hiyo nimewaona wengi. Aliyenenepa kuliko wote aliitwa Yakani.

Mwaka wa themanini, askari wa serikali mpya walipokuja kutulipiza sisi makosa ya serikali iliyoanguka, tulikimbia. Wengine walishika njia ya Kongo, sisi tukaenda Sudan na masufuria kichwani. Yakani hakwenda mbali. Alijificha porini, askari walipochoka kupora, akarudi yeye kumalizia. Miaka saba baadaye tuliporudi, nyumba zetu zilikuwa kuta na magugu. Ya Yakani nayo ilikuwa imeanguka, lakini hilo halikumsumbua, maana alikuwa anakaa katika nyumba ya Lado, nyumba ya matofali ya kuchoma, mabati yote juu.

Lado alikuwa askari, na homa ilimuua kambini Sudan. Mjane wake, Keji, alifika na watoto wake akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe na mzigo kichwani. Yakani akatoka, mswaki mdomoni.

"Karibu, mama. Nani unatafuta?"

"Natafuta nyumba yangu."

"Hii? Hii nyumba Lado aliuzia mimi mwaka sabini na nane. Yeye hakuambia wewe? Aa, wanaume wengine iko mbaya sana."

Keji hakuwa na karatasi. Nani alikimbia risasi akiwa na karatasi mkononi? Alijenga kibanda cha nyasi nyuma ya jiko langu, na mvua ilipokuja usiku watoto walihamia kwangu wakalala katikati ya magunia ya unga. Mji mzima ulijua nyumba ni ya nani. Lakini Yakani alikuwa anauza sabuni na chumvi za kutoka mpakani Vurra, na alijua kumega kipande cha sabuni cha zawadi kwa mtu anayefaa. Watu wakawa wasafi, wakanyamaza.

Mtu aliyeiba nyumba anaweza kuishi raha mustarehe akikaa kimya. Yakani hakujaliwa kukaa kimya. Alitaka kuwa mwenyekiti wa RC, lile baraza la mtaa, na mwenyekiti, alisema, lazima awe na sebule, na sebule lazima iwe na kabati. Sasa, katika stoo yake alikuwa na milango sita ya makabati ya zamani. Makabati yenyewe aliyachoma kuni wakati wa shida, yakabaki milango tu, mbao za mvule zilizochongwa maua, vitasa vya shaba. Hata mwizi ana jicho la kuona kitu kizuri.

Alimleta fundi Obeti kutoka Arua. Hapa Koboko tuna mafundi tele, lakini fundi wa hapa angeshika mlango mmoja tu akauliza, "Huu si wa mama fulani?" Obeti hakumjua mama fulani. Yakani akamfungia sebuleni, mapazia yameshushwa, na ndani ya giza lile Obeti akapiga randa na msasa, akala kuku, akapiga nyundo, akala tena. Milango haikulingana. Mmoja mrefu, mwingine mfupi, mwingine mpana kama mimi. Akajenga fremu kubwa ya mbao mpya, kila mlango na chumba chake, mitatu chini, mitatu juu, kisha akaipaka yote vanishi nyeusi hadi ikafanana kama watoto wa baba mmoja. Funguo hazikuwepo. Obeti alitaka kung'oa vile vitasa vya shaba aweke vipya vya sokoni Arua, vile vya bati vinavyofunguka ukikohoa. Yakani akakataa katakata. Vya shaba viling'aa. Kufungua, angetumia spoku ya baiskeli aliyoipinda ncha.

Mapazia yalipopandishwa, kabati lilikuwa limejaza ukuta mzima na kugusa dari. Watu walikuja kulitazama kama wanavyokwenda kumtazama maiti, kwa adabu na kwa udaku. "Hii kabati ya Muhindi ya Arua," Yakani aliwaambia. "Mimi nilinunua mnadani." Na akitaka kukutolea sahani, alikugeuzia mgongo, akajipapasa mfukoni kama mtu mwenye funguo nyingi, akachokoachokoa kitasa na ile spoku huku anakohoa ili usisikie.

Ndipo Keji alipopeleka shauri lake kwa kamati ya RC. Kikao kilikuwa kifanyike nje, lakini siku hiyo mvua ilianza asubuhi, na Yakani akafurahi kama mkulima. "Wazee watalowa! Waje sebuleni kwangu." Akaagiza mandazi kwangu na chai ya maziwa. Alitaka wazee wakae mbele ya lile kabati, wajipime nalo, waone aibu kumfukuza mtu mwenye kitu kama kile. Hesabu yake haikuwa mbaya. Mzee Ondoga, mkuu wa kamati, aliingia akalitazama kutoka chini hadi juu, akavua kofia.

Keji alikaa sakafuni karibu na kabati, kwa sababu hakuna aliyempa kiti. Nilimwonea uchungu huku nawamiminia wazee chai. Shauri likienda vibaya, angerudi kwenye kibanda kile cha nyasi na watoto wale, basi, habari imekwisha, maana hakuna mlango mwingine wa kubisha.

Yakani alisimama akaweka mkono kifuani. "Wazee, mimi mutu ya Mungu. Lado aliuza nyumba, akachukua vitu yake yote, akaenda. Mimi niliingia hapa, hakuna kitu. Hata kijiko! Tangu nizaliwe mimi sijashika kitu ya Lado. Kama nimeshika, huu mkono ikatike."

Akageuka atoe sahani za mandazi ya wazee. Akatugeuzia mgongo, akakohoa, akachokoa kitasa cha chini.

Keji alikuwa usawa wa kitasa kile. Nilimwona anainamisha kichwa, anatazama pembe ya mlango, halafu anapitisha kidole. Pale palikuwa na alama ya kuungua iliyobonyea, imechongoka mbele. Zamani, kabla ya vita, alisahau pasi ya makaa imeegemea mlango wa kabati lake, na Lado alimgombeza siku mbili. Vanishi ya Obeti ilificha mengi, ila penye shimo la pasi ilitulia tu kama maji kwenye sahani.

"Bwana Yakani," akasema Keji, "ufunguo ya hii kabati iko wapi?"

"Iko."

"Iko wapi?"

"Mama, sisi tunaongea nyumba hapa. Wewe unataka ufunguo yangu ya nini?"

Niwaeleze jambo moja kuhusu wanawake wa Koboko. Tulipokimbia, kila mwenye kabati alilifunga kwanza. Risasi zinalia, mume anapiga kelele, mtoto hana hata nguo, na mama anarudi ndani kufunga kabati. Ufunguo tuliufunga fundo kwenye pindo la kitenge. Huko Sudan tulichekana wenyewe: unataka kufungua nini, nyasi? Kitenge kikichakaa, ufunguo ulihamia kitenge kingine. Tuliuza masufuria, tuliuza hereni, lakini sijamjua mwanamke aliyetupa ufunguo wake.

Keji alilegeza fundo kwa meno. Akautia ufunguo kwenye kitasa, akazungusha. Ka! Kitasa kikafunga. Akazungusha tena. Ka! Kikafunguka laini, bila kikohozi chochote. Akamwinulia Mzee Ondoga ule ufunguo. "Mzee, jaribu wewe."

Mzee Ondoga alipiga magoti, akafunga, akafungua, akafunga, akafungua, hadi nikadhani ameupenda mchezo. Ndani zilikuwa sahani za Yakani, zimepangwa vizuri.

Yakani alitoka jasho, lakini ulimi wake haukuwahi kumwangusha mapema. "Sawa! Tuseme mlango ya Lado. Na Lado alitoa wapi, eh? Sabini na mbili, Wahindi walipofukuzwa Arua, nani alileta kabati hapa na lori ya jeshi? Mimi? Mimi sikuwa askari! Wazee, semeni, nani?"

Wazee walitazama chai yao. Mzee Ondoga aliondoa mikono yake taratibu kwenye goti, akaificha mfukoni. Hapo Yakani alikuwa amesema kweli, mara moja katika maisha yake, na ukweli ule ulituchoma sote. Miaka ile hapakuwa na nyumba ya askari hapa Koboko iliyokosa kitu cha Mhindi. Mwenye kabati alimcheka mwenye stuli.

Keji peke yake hakuinamisha macho. "Kweli," akasema. "Lado alileta na lori. Mimi nilipanga masahani ndani, nikafurahi, sikuuliza mutu. Kabati haikuwa yetu. Na leo mimi sikuja kuomba kabati. Lakini hii nyumba, maji ya udongo yake nilibeba mimi, na mimba ya Jada tumboni. Nilifunga huu mlango mwaka themanini, siku tulikimbia. Wewe unasema Lado aliondoa vitu sabini na nane. Sasa mlango yangu ilikuja hapa na miguu?"

Dirisha lilikuwa wazi, na chini ya upenu palikuwa na watu wengi waliodai wanajikinga mvua. Nikasikia miguu inakimbia matopeni. Haukupita muda jirani yetu Emilia akaingia bila hodi, maji yakimchuruzika, ufunguo mkononi. Akajaribu wa juu, haukukubali. Akajaribu wa chini, wa katikati. Ka! Akapiga kigelegele. Nyuma yake akaingia Margarita, nyuma ya Margarita mwingine, na foleni ikatoka nje hadi uani. Mitano ikafunguka. Wa sita, wa juu kulia, ulikataa kila ufunguo, na hakuna mwanamke wa Koboko aliyeudai.

Mzee Ondoga alitazama ile foleni ya wanawake wenye funguo. Akakumbuka, nadhani, viti vyake vinne vya kuzunguka vilivyoko nyumbani kwake. Sijawahi kuona hukumu ya haraka vile. Chai haikuwa imepoa. "Nyumba ya Keji. Yakani atoke kesho na vitu vyake. Kikao imekwisha, kila mutu aende nyumbani yake, hakuna kutembelea mutu!"

Kesho yake Yakani alitoa kitanda, redio na magunia ya sabuni. Kisha akaita wanaume wa kubeba kabati. Walilinyanyua hadi mlango wa sebule, likagoma. Wakaligeuza ubavu, likagoma. Wakalilaza, likawalalia. Yakani alikuwa ametengenezesha kabati gizani, ndani, asionekane, na halikuwa na njia ya kutoka duniani. Alituma watu Arua wakamlete Obeti. Obeti alikuja, akapima mlango, akapima kabati, akaomba chai.

"Mimi niliambiwa nitengeneze ndani," akasema. "Hakuna mutu aliambia mimi itatoka. Mpaka tung'oe hii milango."

"Ng'oa wangu uone," akasema Emilia.

"Chukua mbao zako," Margarita akamwambia Yakani. "Zile iko katikati. Milango acha."

Yakani alisimama pale na nyundo, mmiliki wa nafasi zilizo kati ya milango ya watu. Halafu akaiweka nyundo chini, akaenda kwa shemeji yake. Keji alimtumia sahani zake ndani ya gunia, zimeoshwa.

Kwa miaka kadhaa tulistarehe. Emilia aliweka nguo zake za kanisani kwenye mlango wake, Margarita sukari, na kila Jumapili sebule ya Keji ilijaa wanawake wanaozungusha funguo bila haja. Mlango wa sita ulibaki umefungwa. Spoku ya Yakani alikwenda nayo, nasi tuliona aibu kutafuta nyingine.

Kisha, miaka ya tisini, serikali ikawaruhusu Wahindi warudi kuona mali zao. Lori la Arua likaleta habari kwamba mmoja ameonekana kule mjini, mzee, na mkewe, wanatembea polepole na kuzitazama nyumba. Wiki ile Koboko iliingiwa na ugonjwa wa ajabu. Emilia akawa hajawahi kuwa na ufunguo. Mlango wa Margarita ukawa umetengenezwa Kongo. Viti vya Mzee Ondoga vikasafiri usiku kwenda kuwasalimu ndugu zake kijijini, na mzee akapokea wageni amesimama.

Mimi nikaenda kwa Keji nimsaidie kulifunika kabati kwa mashuka. Nikamkuta amesimama barazani juu ya stuli, anapigilia msumari ukutani, kando ya mlango, mahali ambapo hata mpita njia angeona. Akafungua fundo la kitenge chake, akautundika ule ufunguo.

"Keji, umerogwa?" nikamwuliza. "Yule mama Mhindi atakuja hapa atachukua kabati!"

Aliteremka, akajifuta vumbi. "Paska, mimi nilibeba hii ufunguo Sudan miaka saba. Wewe ulicheka, mimi nilicheka, lakini sikutupa. Yule mama iko na yake miaka ngapi sasa?"

Nilitazama ndani, ule mlango wa sita, juu kulia, ambao ufunguo wake hakuna aliyewahi kuubeba hapa Koboko. Nikayakunja tena mashuka, nikayatia kwenye beseni. Nikachukua beseni langu, nikarudi kukaanga mandazi.